Kidomo cha Saksofoni: Kidogo kwa Umbo, Kikubwa kwa Sauti

Watu wengi wanaponunua saksofoni huitazama shaba ing'aayo, huvijaribu vibonyezo vyake, kisha huuliza bei. Kile kipande kidogo kinachotiwa kinywani hawakitazami sana. Hukihesabu kuwa kama kizibo cha chupa, kitu kilichokuja pamoja na mzigo. Baadaye sauti ikiwa nyembamba, au ikikwaruza, lawama yote huiangukia ala yenyewe, au fundi aliyeitengeneza, au hata kifua cha mpigaji. Wengine huuza ala nzuri kwa hasara, wakanunua nyingine, na hiyo mpya nayo ikalia vile vile.

Wakati mwingine kosa huwa kinyume cha hilo. Kijana wa bendi ya dansi humsikia mpigaji mashuhuri katika rekodi, akaulizia ni kidomo gani anachotumia, akaweka akiba miezi mingi mpaka akakipata. Siku ya kwanza apigapo pamoja na wenzake, sauti yake hupasua kama honi ya lori, noti za juu hupanda zikayapita magitaa, na baada ya nusu saa midomo yake imechoka. Fedha imekwisha kwenda, na nafasi yake katika bendi imo mashakani. Kidomo chenyewe huenda hakina ila hata kidogo. Kilichokosekana ni kujua kinachochaguliwa, na sababu ya kukichagua.

SAUTI HUZALIWA WAPI

Saksofoni ni kazi ya Adolphe Sax, fundi aliyezaliwa Dinant katika nchi ya Ubelgiji mwaka 1814. Alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake huko Paris mwaka 1846. Ingawa ala hiyo ni ya shaba, wanamuziki hawaiweki katika jamaa moja na tarumbeta. Huiweka pamoja na filimbi na klarineti, kwa kuwa sauti yake haitoki katika mtetemo wa midomo ya mpigaji, bali katika ulimi mwembamba wa tete uliofungwa chini ya kidomo.

Wenyeji wa pwani waijuao nzumari watalifahamu jambo hili upesi. Katika nzumari, jani kavu lililokunjwa hutetemeka kwa pumzi, upande mmoja ukigongana na mwenziwe. Katika saksofoni ulimi ni mmoja tu, nao hauna mwenziwe wa kugongana naye. Badala yake unaielekea ncha ngumu ya kidomo, na kati ya viwili hivyo pana mwanya mdogo. Mpigaji anapovuvia, ulimi huufunga mwanya huo na kuufungua mara nyingi mno. Bendi inapolinganisha ala zake kwa noti ya La, ulimi wenye kutoa noti hiyo hufunga na kufungua mara 440 katika sekunde moja.

Mwili wa shaba huipokea sauti hiyo, huikuza, na kuipangia noti zake. Lakini ikiwa imezaliwa kilema, shaba haiwezi kuiponya. Ndiyo maana ala ya bei ndogo yenye kidomo chema mara nyingi huipita ala ya thamani iliyotiwa kidomo kibovu.

SEHEMU NNE ZA KUANGALIWA

Mtu akitaka kuchagua kwa akili, na azijue sehemu nne.

Ya kwanza ni mwanya, yaani nafasi iliyo kati ya ncha ya ulimi na ncha ya kidomo. Mwanya mdogo ni mwepesi kuongoza. Hata anayejifunza anaweza kupiga polepole bila kutetereka. Mwanya mkubwa huhitaji pumzi nyingi na midomo iliyozoea, lakini humpa mpigaji hodari nafasi ya kuikuza sauti na kuigeuza apendavyo. Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Katika saksofoni ya alto, kidomo cha mwanafunzi huwa na mwanya wa karibu milimita 1.6, na cha mpigaji wa jazi huweza kufika milimita 1.9. Sehemu hizo tatu za kumi za milimita moja humfanya mmoja acheke na mwingine atokwe na jasho.

Ya pili ni mpindo, yaani umbali ambao kidomo hujipinda kuuacha ulimi kabla ya kufika kwenye ncha. Mpindo mrefu huruhusu sehemu kubwa ya ulimi kutetemeka, na noti za chini huja kwa urahisi zaidi. Mpindo mfupi huhitaji midomo imara.

Ya tatu ni dari, nayo ni ule upande wa ndani ulio juu, mkabala wa ulimi. Dari ikiwa juu, pumzi hupata njia pana, na sauti huwa ya upole na yenye giza kidogo. Dari ikishuka na kuukaribia ulimi, pumzi hukimbia, na sauti huwa kali na yenye kung'aa. Mkulima aliyewahi kuchimba mfereji hahitaji maelezo marefu: mfereji ukipanuliwa maji hutembea taratibu, na ukibanwa maji yale yale hukimbia kwa kishindo.

Ya nne ni chumba, yaani uwazi ulio nyuma ya dari kabla ya koo la kidomo. Chumba kikubwa cha mviringo hutoa sauti nene na tulivu. Chumba kidogo hutoa sauti iliyokusanyika, yenye kupenya kelele. Tena chumba kina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwili wa saksofoni umefanyizwa kama pia ndefu iliyokatwa ncha, na uwazi wa kidomo ndio unaosimama mahali pa ncha hiyo iliyokatwa. Uwazi usipolingana na ncha iliyokosekana, noti za chini na noti za juu hazipatani, hata mpigaji awe hodari namna gani. Hiyo ndiyo sababu kidomo cha siku hizi chenye chumba kidogo huweza kuisumbua saksofoni ya zamani iliyoundwa kwa kidomo kipana. Mpigaji hukivuta kidomo nje ili noti ishuke, akakivuta tena, mpaka kikawa kinacheza juu ya shingo ya ala, na bado oktavu hazikubaliani.

KWA NINI VIDOMO VILIBADILIKA

Vidomo vya Sax mwenyewe vilikuwa na chumba kikubwa cha mviringo, na sauti aliyoikusudia ilikuwa laini. Ala hiyo iliingia kwanza katika bendi za kijeshi, kisha ikavuka bahari. Katika miaka ya 1920 watu wa Marekani waliipenda mno, na viwanda vya mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana viliunda saksofoni kwa wingi. Bendi za dansi zilipokua, zikaongezewa tarumbeta na ngoma zenye kelele, wapigaji wa saksofoni walianza kuzama. Watengenezaji wakakibana chumba na kuishusha dari ili sauti ipenye. Baadaye muziki ulipotumia mitambo ya umeme ya kukuza sauti, vidomo vikali zaidi vilitokea.

Si wote waliofurahia mabadiliko hayo. Sigurd Raschèr, mpigaji aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1907 na kufariki mwaka 2001, alishikilia maisha yake yote kwamba kidomo kifaacho ni kile chenye chumba cha mviringo kama cha Sax. Mwenzake wa Paris, Marcel Mule, aliyezaliwa 1901 na kufariki vile vile mwaka 2001, alifuata njia nyingine, na wanafunzi wake wakaitangaza sauti ya Kifaransa yenye kung'aa zaidi. Wote wawili walikuwa mabingwa. Walitofautiana kwa kuwa kila mmoja alitaka sauti nyingine, na kila mmoja alikichagua kidomo kiifaacho sauti hiyo. Basi hakuna kidomo kinachoweza kuitwa bora bila kwanza kuuliza: bora kwa kazi gani?

Jambo hilo linawahusu pia wanamuziki wa Afrika. Manu Dibango wa Kameruni alipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Verckys Kiamuangana Mateta aliingia OK Jazz mwaka 1963. Katika muziki wa namna hiyo, saksofoni hujibizana na magitaa na waimbaji kwa zamu, na hapo sauti yenye kupenya ina faida yake. Lakini mtu anayesindikiza kwaya kanisani, au anayepiga katika kikundi cha saksofoni nne, akitumia kidomo kile kile atawafunika wenzake.

HABARI YA LESTER YOUNG

Katika historia ya ala hii kuna habari moja ambayo kila mpigaji kijana yafaa aijue. Mwaka 1934 Coleman Hawkins, mpigaji mkuu wa saksofoni ya tenori wakati ule, aliiacha bendi ya Fletcher Henderson huko New York. Mahali pake aliitwa Lester Young, kijana wa miaka 24. Hawkins alikuwa na sauti nzito iliyojaa, nayo ya Young ilikuwa nyepesi na tulivu. Wenzake katika bendi walinung'unika kwamba sauti yake ni nyembamba. Leora, mke wa Henderson, akawa anampigia rekodi za Hawkins nyumbani ili ajifunze kutoa sauti kama ile.

Young hakukubali. Aliondoka baada ya miezi michache. Kisha alijiunga na Count Basie, na kwa sauti ile ile iliyodharauliwa akawa mmoja wa wapigaji walioigwa kuliko wote duniani. Lau angalibadili kila kitu ili afanane na Hawkins, dunia ingalipata Hawkins wa pili, asiyelingana na wa kwanza, na kumpoteza Lester Young.

Mfano mwingine ni wa Charlie Parker. Mwaka 1953, katika ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, alipiga kwa saksofoni ya alto ya plastiki iliyotengenezwa Uingereza. Wajuzi wengi waliidharau ala ya namna hiyo, lakini waliosikia rekodi ya usiku ule walimtambua Parker mara moja. Sauti hutengenezwa kwanza na sikio la mpigaji, koo lake, pumzi yake na midomo yake. Kidomo kizuri humsaidia kuitoa sauti ambayo sikio lake limekwisha kuichagua. Hakimpi sauti ya mtu mwingine, ndiyo maana kununua kidomo cha bingwa si kununua ubingwa wake.

MPIRA AU MADINI

Vidomo vingi ni vya mpira uliogandishwa kwa kiberiti na joto mpaka ukawa mgumu kama pembe. Vingine ni vya plastiki, na vingine vya shaba iliyopakwa dhahabu au fedha. Watu husema kwamba madini hutoa sauti kali na mpira hutoa sauti laini. Neno hili lina ukweli kidogo, lakini sababu yake si ile inayodhaniwa. Vidomo vingi vya madini huundwa kwa ajili ya bendi zenye kelele, hivyo dari yake huwa chini na chumba chake huwa chembamba. Umbo hilo la ndani ndilo linaloleta ukali. Kidomo cha madini chenye chumba kipana huweza kulia kwa upole, na cha mpira chenye dari ya chini huweza kupasua masikio. Tofauti ambayo mpigaji huisikia kwa hakika ni kinywani: madini ni membamba zaidi kwa nje, nayo hupoa upesi. Basi na amulike ndani ya kidomo kabla ya kuihesabu rangi ya nje.

NAMBARI ZISIMDANGANYE MTU

Kila mtengenezaji ana alama zake, na alama hizo hazipatani. Kidomo cha alto cha Meyer chenye nambari 5 kina mwanya wa sehemu 71 katika elfu za inchi moja, yaani karibu milimita 1.8. Kidomo cha tenori cha Otto Link chenye alama 7* kina sehemu 105, yaani karibu milimita 2.67. Selmer hutumia herufi, kama ile C* inayojulikana sana mashuleni. Berg Larsen huandika kipimo chenyewe, kwa mfano 110, na baada yake nambari kutoka 0 mpaka 3 kuonyesha dari: 0 ndiyo kali kuliko zote, na 3 ndiyo ya upole. Mnunuzi asiagize kwa nambari peke yake. Na aulize mwanya kwa milimita au kwa sehemu za inchi, kisha alinganishe.

Ndimi nazo hupewa nambari kufuata ugumu wake, na kidomo na ulimi ni kama jembe na mpini. Mwanya mkubwa huhitaji ulimi laini zaidi, na mwanya mdogo hustahimili ulimi mgumu. Anayebadili kidomo akabaki na ulimi wa zamani huenda akakihukumu kidomo bure. Kabla hata ya kufikiri kununua kidomo, na ajaribu ulimi mpya, ulio laini au mgumu zaidi kwa nusu nambari. Mara nyingi dawa huwa hapo, tena kwa gharama ndogo.

NAMNA YA KUJARIBU

Mtu akipata nafasi ya kuchagua kati ya vidomo kadhaa, afuate utaratibu huu.

Kwanza, atumie saksofoni yake mwenyewe, wala asijaribu zaidi ya vidomo vitatu kwa siku moja. Sikio huchoka upesi kuliko mkono. Vidomo vioshwe au vipanguswe vizuri kabla ya kuhama kinywa kimoja hadi kingine.

Pili, akague kingo. Akielekeze kidomo kwenye mwanga, aone kama kingo mbili za pembeni ziko sawa na kama ukingo wa ncha hauna pengo. Kisha afunge ulimi uliolowanishwa, azibe tundu la nyuma kwa kiganja, avute hewa yote ndani, na akitoe kidomo kinywani. Ulimi ukishikamana kwa muda mfupi ndipo ukaachia kwa mlio mdogo, kidomo na ulimi vimekutana sawasawa. Ukiachia papo hapo, aujaribu ulimi mwingine. Ikiwa na huo huachia, pana mahali hewa inapovuja.

Tatu, aanze na noti za chini kabisa, tena kwa sauti ndogo. Kila kidomo hulia kikipigwa kwa nguvu. Kilicho kizuri huitika hata kwa pumzi ya kunong'ona. Kisha apige oktavu moja moja, akitazama kifaa cha kupimia sauti, ambacho siku hizi hupatikana hata katika simu ya mkononi. Noti za juu zikipanda sana na za chini zikishuka, kidomo hicho hakipatani na ala yake.

Nne, amwombe mwenzake asimame mwisho wa chumba na kusikiliza. Mpigaji huisikia sauti yake kwa njia ya meno na mifupa ya kichwa, na huisikia tofauti na watu waliokaa mbele. Kidomo kinachomtisha kwa ukali huenda kule mbali kikasikika cha kawaida, na kile anachokiona kinene huenda kikapotea kabisa.

Tano, arudi siku ya pili, na ikiwezekana apige pamoja na wenzake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na neno hilo halijapata kuwa kweli zaidi kuliko katika duka la ala za muziki. Kila kidomo kipya hupendeza kwa robo saa ya kwanza.

Anayeanza kujifunza hana haja ya mashaka haya yote. Na achukue kidomo cha kadiri, chenye mwanya wa milimita 1.6 au 1.7 kwa alto, akae nacho mwaka mmoja au miwili, na apige noti ndefu kila siku. Asipokwisha kujua sauti anayoitaka, hata kidomo cha bei kubwa hakitamfaa.

KUKITUNZA

Kidomo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kamwe kisioshwe kwa maji ya moto. Mpira mgumu ukitiwa katika maji ya moto, au ukiachwa juani, hugeuka rangi ukawa wa kijani-kahawia na kutoa harufu ya kiberiti. Usiachwe ndani ya motokaa iliyoegeshwa mchana. Ulimi ufunguliwe baada ya kupiga, upanguswe, na ukaushwe mahali tambarare. Juu ya kidomo, meno yanapokaa, pabandikwe kiraka chembamba cha mpira ili meno yasikitoboe.

Wala mtu asijaribu kuutengeneza mwanya kwa msasa nyumbani. Fundi wa kazi hiyo hupima kwa vyuma vyembamba vya vipimo maalumu, na huondoa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mkono usiozoea hukiharibu kidomo kwa mikwaruzo mitatu.

Mpigaji aliye na fedha chache, basi, na azitumie kwa mpango. Kwanza anunue ndimi zinazomfaa. Pili aipeleke saksofoni kwa fundi, azibe mahali pote panapovuja hewa. Tatu apige noti ndefu kwa miezi michache, akijisikiliza. Ikiwa baada ya hayo bado anaisikia sauti moyoni ambayo kidomo chake hakiwezi kuitoa, hapo ndipo wakati wake wa kununua umefika, naye ataingia dukani akijua analotafuta.